Mtu Aliyepita Nyumba kwa Nyumba Kung'oa Ndizi Alizogawa

Simu iliingia Jumanne nikiwa kwenye foleni ya mkate. Binti wa jirani yetu wa zamani aliniambia kwamba yule mzee wa migomba wa upande wa Kakontwe, hapa Likasi, amefariki; presha ilimpanda, hakufika hospitali. Nikasema pole. Nikanunua mkate, nikarudi nyumbani, nikaukata vipande. Tangu siku hiyo nasubiri uchungu uje, haujaja. Wasomaji wangu watanisamehe maandishi haya yakiwa makavu. Ndivyo nilivyo ndani.

Hakuwa rafiki yangu. Alistaafu kazi ya machimbo ya mawe ya chokaa, na nyuma ya nyumba yake alikuwa na migomba mingi kuliko mtu yeyote niliyemfahamu Likasi. Aliyeoa, aliyejenga, aliyehamia, wote aliwapa machipukizi ya kupanda, akiyabeba mwenyewe kwa baiskeli. Mimi alinipa matatu. Kisha baadhi ya migomba yake ikaanza kudumaa, majani yakabanana kileleni kama shada. Mama mmoja wa maabara alikuja kutoka Lubumbashi, akakata vipande vya majani, hata vya migomba iliyonawiri. Alimweleza mzee kwamba kirusi hukaa ndani ya mmea muda mrefu kabla jicho halijaona kitu, lakini kipimo cha DNA hukitambua mapema kwenye jani lenyewe. Majibu yaliporudi, karibu shamba lote lilikuwa na ugonjwa, pamoja na mashina aliyokuwa akitoa machipukizi ya kugawa.

Angenyamaza, nani angemuuliza? Aling'oa yake yote, akachimba hadi visiki, kisha akapanda baiskeli akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Wapo waliomwambia kwamba amewaletea ugonjwa makusudi. Kwangu alifika Jumapili baada ya misa, akakataa kiti.

"Papa, ile ndizi miye nilikupatia iko na bugonjwa," alisema. "Nimekuja tuitoe."

"Lakini inazaa. Weye mwenyewe unaiona."

"Naiona. Hata yangu ilikuwa inazaa. Ni machine njo iliona."

"Miye siwezi kutoa ndizi yangu juu ya machine ya Lubumbashi."

Aligeuza baiskeli yake. "Bon. Nitarudia huku," akasema, akaondoka.

Msimu uliofuata migomba yangu ilidumaa. Wadudu wadogo wanaonyonya majani walikuwa wamekwisha kuupeleka ugonjwa kwa jirani yangu, mjane ambaye hakuwahi kupewa chipukizi hata moja na mzee, na aliyekuwa akiishi kwa kuuza ndizi zake sokoni. Yake ikafa pamoja na yangu. Mzee alirudi na jembe, hakuniuliza kitu. Tulichimba mpaka saa sita, kisha akavuka uani kwa yule mama akamwomba msamaha. Mimi nilisimama pembeni, nikamwacha abebe kosa ambalo nusu yake, pengine zaidi, lilikuwa langu.

Sisi watu wa Likasi tumezoea vipimo. Baba zetu walipima shaba na kobalti migodini maisha yao yote, na majibu yalibaki kwenye karatasi za ofisi. Huyu alipewa jibu lililomwaibisha, akalipeleka mwenyewe hadi kwa waliohusika.

Jana, baada ya mazishi, nilikwenda kwa yule mjane nikamweleza kwamba nilionywa mapema nikakataa. Alikuwa anachambua maharage. Hakuacha.

"Sasa unanielezea, papa," alisema, "wakati ye amekufa? Miye nilimukasirikia miaka yote."

Ninachoweza kuwaambia ni hiki tu: mashine itatuonyesha ugonjwa ulipo, lakini mlango hubishwa na mtu, na ukweli ukichelewa, aliyestahili kusafishwa nao hatausikia.