Finjani ya Pili

Ami yangu alipopigwa na kiharusi, nyumba yake ya Ibra, huko Oman, iligeuka hospitali isiyo na daktari. Walikuja jamaa kutoka Sur, Izki na Manah, na kila aliyevua viatu mlangoni alikuwa na dawa yake. Mmoja alitaka achuliwe mafuta. Mwingine alileta mzee wa kuchoma kwa chuma cha moto, na ami akachomwa kisogoni kweli. Wa tatu akasema hili ni jicho, na mwenye jicho anamjua. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe neno, ingawa ulimi wake ulikuwa mzima. Uliolala ni upande wa kulia tu, mkono na mguu. Walikunywa kahawa, wakamaliza halua, wakasema "Hana baya, inshallah," wakaondoka kuwapisha wengine. Nilifikiri mtu wa Ibra hafi kwa maradhi, hufa kwa wageni.

Wakati ule sikuwa na kazi. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nilishika hiki na kuacha kile: duka la vipuri Bidbid, gereji Nizwa, samaki Sur. Binamu yangu mkubwa, mwana wa kwanza wa ami, alipoamua baba yake apelekwe India, alinitazama kama anayekumbuka kuwa stoo kuna kiti kibovu.

"Wewe utakwenda naye," akasema. "Huna unalolifanya."

Yeye alitufuata huko kwa siku chache, akapeana mikono na madaktari, akanunua mapazia, akarudi. Masanduku yake yalikuwa mengi kuliko maswali aliyouliza.

Maswali niliuliza mimi, kwa Kihindi nilichookota gereji na Kiingereza cha kuungaunga. Aliyekuwa akimfanyisha ami mazoezi ya viungo alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, na alikuwa na utafiti wake. Alinieleza kuwa mkono wa ami haukufa. Kilichoharibika ni sehemu ya ubongo inayouamrisha. Mgonjwa akishazoea kufanya kila kitu kwa mkono mzima, ule mwingine husahauliwa moja kwa moja. Basi yeye huuvisha mkono mzima glavu nene isiyoshika kitu, sehemu kubwa ya siku, ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Wagonjwa wengine hupewa mazoezi ya kawaida, kisha hulinganishwa.

"Nani anachagua wa kuvaa?" nikauliza.

"Kura."

"Na ikishindwa?"

"Tutaandika kwamba imeshindwa."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Kwetu sijapata kumsikia mtoa dawa akisema maneno kama hayo.

Ami hakupendezwa. "Nimekuwa kuku wa kujaribiwa?"

"Ami, kule nyumbani umejaribiwa na kila mtu, na hakuna aliyekuomba ruhusa. Huyu angalau anaomba."

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akakubali. Kura ikamwangukia, akavishwa glavu mkono wa kushoto.

Akawekwa kupanga vigingi vya mbao kwenye matundu na kuhamisha maharage kutoka bakuli hili hadi lile. Mkono wa kulia ukaanza kushika, lakini ukawa unatetemeka. Na hapo ndipo nilipojua kilichokuwa kikimla moyo.

Wagonjwa wa Oman katika hospitali ile walikuwa na desturi ya kukusanyika jioni kwenye dele la kahawa waliyoipika wenyewe. Kwetu kahawa humiminwa kidogo kidogo kwenye finjani isiyo na mkono. Ukiinyoosha imetulia, unaongezwa. Ukiitikisa, maana yake umetosheka, na mmiminaji huichukua. Na yote hayo kwa mkono wa kulia. Ami alinyoosha finjani yake, mkono ukatetemeka, na mmiminaji, bwana mmoja wa Nizwa mwenye adabu nyingi kuliko macho, akaichukua. Ami akaurudisha mkono mapajani. Mtu wa malezi yake haombi kahawa kikaoni, afadhali afe na kiu.

Chumbani akaniambia, "Mimi sirudi sablani kupewa finjani moja na kunyang'anywa kama mtoto. Bora nikae ndani mpaka nizikwe."

Sabla ni baraza la wanaume wa mtaa. Tangu alipostaafu serikalini, kila baada ya sala ya alasiri ami alikuwa huko. Kumtoa sablani ilikuwa ni kumtoa duniani.

Asubuhi nikampelekea yule mwanamke finjani yetu. Nikamwambia vigingi vyake ni vizuri, ila Ibra hatunywi vigingi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaigeuza finjani mkononi, akaijaza maji, akamwambia ami, "Ishike. Isimwagike." Ikawa ndilo zoezi lake la kila siku mpaka tulipoondoka, na mtetemo ulikuwa umepungua sana.

Nyumbani wakauharibu mkono ule kwa mapenzi. Mkewe akamtia matonge mdomoni, dada zake wakamfunga vifungo. Binamu yangu alipoiona glavu tuliyorudi nayo akapiga kelele, "Baba kafungwa mkono kama mwizi! Watu watasemaje?" Akaitupa juu ya kabati. Baada ya wiki chache mkono ukarudi kutetemeka, na wote wakasikitika, wakamtilia matonge makubwa zaidi.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana ami akafumba mdomo mbele ya tonge.

"Bibi, umenilisha vya kutosha, Mungu akulipe. Nileteeni ile glavu." Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe tukufunge huo mdomo. Labda akili italazimika kufanya kazi."

Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi.

Aliivaa miezi kadhaa, akimwaga mchuzi kwenye kanzu, akimfukuza kila aliyetaka kumsaidia. Halafu alasiri moja akaniambia nimpeleke sablani.

Jirani aliyekuwa akimimina akampa finjani ya kwanza. Ami akanywa, akainyoosha. Ilicheza kidogo, na jirani akapeleka mkono kuichukua. Ami hakuiachia. Aliegemeza kiwiko gotini, akakaza macho kwenye finjani, ikatulia. Akamiminiwa ya pili. Akamiminiwa ya tatu. Kisha akaitikisa kwa nguvu kama anayepiga kengele, akairudisha.

"Mashallah," akasema mmoja, "nilisema mimi, dawa ni chuma!"

"Chuma gani? Yale ni mafuta yangu."

"India," akasema binamu yangu, "nilikompeleka mimi."

Ami alikuwa na tende mdomoni, aliyoiokota mwenyewe sahanini.