Msitu wa Mwani kwenye Sufuria ya Mama

Majira yale ya baridi Mama alikuwa amekuja kutoka Kenya kukaa nasi Coon Rapids, huku Marekani. Binti yangu alipewa kazi ya shule: achore msitu wa mwani mkubwa, ule unaoota baharini upande wa California. Hauna mizizi ya kunyonya, umeng'ang'ania mwamba tu, na vibofu vya hewa huuinua mpaka juu, mrefu kushinda ghorofa kumi. Ule mchoro ulinitisha, giza la kijani lote lile. Hata hivyo nilimnunulia mwani mkavu kwenye duka la Waasia, pakiti sita, maana mimi kununua moja tu siwezi. Tulibandika majani mawili kwenye kartoni, mengine yakabaki kabatini.

Wiki tatu baadaye nilitoka kazini mapema. Nikamkuta Mama jikoni, mikono inatetemeka, jasho linamtoka na nje ni theluji. Nikamshika kifundo cha mkono. Mimi ni nesi, lakini mapigo yale yalinishinda kuhesabu. Kisha nikaona sufuria. Alikuwa ameulowesha mwani, akaukatakata mwembamba kama sukuma wiki na kuukaanga kwa kitunguu na nyanya.

"Mama, umekula hii mara ngapi?"

"Kila siku. Kwani si mboga?"

Mama alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni, tangu ujana wake, kwa sababu chakula cha kwetu milimani hakikuwa na iodini. Mwani nao umejaa iodini tele. Shingo iliyozoea kukosa, ukiishindilia ghafla, moyo unaweza kwenda mbio hadi ukashindwa. Hayo niliyasoma chuoni na mtihani nikapita. Hofu ilinipanda nikamfokea mamangu mzazi: "Hata kuuliza tu?"

Niliendesha gari juu ya barafu kumpeleka hospitali, huku binti yangu akilia kiti cha nyuma, "Mom, is she gonna die?" Kama bibi yake angekufa au angepona, hata mimi sikujua.

Daktari alimpa dawa za kutuliza moyo, ila hakuahidi kitu. Mama akalala na nyaya kifuani. Nikamwuliza tena, safari hii kwa upole, kwa nini hakuniuliza.

"Ningekuuliza saa ngapi, mwanangu? Unatoka nimelala, unarudi nimelala. Nilipoona yale majani kabatini nilifurahi sana. Nikasema, kumbe amenikumbuka."