Michembe ya Baba

Namshukuru Mungu aliyenifikisha umri huu nikiwa na macho ya kusomea Neno lake na meno machache ya kutafunia. Sifa ni zake, hata kwa hili ninalokusimulia, ndugu yangu, ambalo nimelibeba tangu utotoni.

Juzi nilirudi kijijini kwetu, upande wa Bulyanhulu. Mke wa mdogo wangu alikuwa ameanika michembe juu ya jabali, vile vipande vya viazi vitamu tunavyokausha kwa ajili ya kiangazi. Harufu iliponifikia, nilikaa chini.

Bibi mzaa baba ndiye aliyenilea. Baba alikuwa mchimbaji. Duara, yaani shimo la dhahabu, lilimfunika kabla sijaanza shule, na hawakumtoa. Mwinjilisti wetu alihubiri sana miaka elfu ya Kristo kutawala duniani, wafu wakiwa wamefufuka, na bibi aliipokea kama mtu aliyeambiwa habari za msimu ujao. Tukibangua karanga, alinieleza maisha yatakavyokuwa. Tutaamka bila kikohozi. Simba atalala zizini na ng'ombe, ale majani. Tutalima, maana bibi hakuweza kuwaza furaha isiyo na jembe, ila mvua itakuja siku tuliyoiomba.

"Na baba?" niliuliza.

"Atatoka shimoni siku ya kwanza kabisa, mayo, mama yangu. Atatoka na njaa. Asubuhi ile aliondoka hajala."

Ndiyo maana bibi aliweka chungu cha michembe juu kabisa ndani ya kihenge, ghala letu la mahindi, na kila mavuno aliibadilisha. Chungu kile hakiguswi, alisema.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilitunyima. Tulikula mlenda mtupu. Bibi akienda kisimani, mimi napanda kihengeni. Nilitafuna michembe mikavu hadi taya zikauma, siku baada ya siku, mpaka chungu kikabaki kitupu. Nikakifunika vizuri.

Siku bibi alipokifungua, alipiga magoti. "Jirani! Njoo uone! Mwanangu amepita!"

Jirani alicheka. "Panya hao, mama."

"Panya gani anayefunika chungu akishashiba?"

Wiki ile bibi aliimba akitwanga, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia. Nami nilinyamaza. Niliona nikisema, nitakuwa nimemfukia baba mara ya pili.

Baada ya mavuno alikijaza tena. Safari hii hakukipandisha. Alikiweka chini, pembeni ya mkeka wangu. "Asihangaike kupanda," alisema, akinitazama mimi. Mpaka leo sijui alimsema baba au alinisema mimi. Alifariki nikiwa bado sijamuuliza.

Sasa duara limefukiwa, na vijana wa bodaboda wanasubiri abiria juu yake. Kihenge hakipo, mahindi yanakaa kwenye magunia. Hata miaka elfu siisikii tena kanisani, wanahubiri magari. Mimi bado naingoja, lakini nitakwambia ukweli: ipo asubuhi moja ndani yake ninayoiogopa. Baba atatoka, vumbi likimdondoka mabegani. Bibi atamkimbilia na kumuuliza kama ile michembe ilikuwa imekauka vizuri. Baba atamtazama asielewe. Kisha wote wawili watageuka kunitazama.

Juzi sikuondoka mikono mitupu. Nilipewa michembe ya kujaza chungu, nacho kiko hapa chini, karibu na kitanda changu. Usiku wa jana njaa iliniuma, sikukigusa. Bwana akinijalia, nitakuwa wa kwanza kufika kwenye lile shimo, nimekibeba kichwani, na kabla bibi hajauliza nitakuwa nimeshasema.

Nawe unayesoma, Mungu akupe kusema yako mapema, wenye masikio ya kukusikia wangali hai. Na asubuhi ile akukutanishe na wako wote, kila mmoja akute sehemu yake haijaliwa.