Muthokoi Kabla ya Upasuaji

…na bado nina hasira, wasichana wenzangu!

Leo Mutua wangu, mume wa wiki tatu, ameamka baada ya upasuaji wa mkono uliovunjika, bila sauti. Sauti ile tamu iliyonichumbia!

Nikamvamia daktari wa usingizi. "Mbona yeye umempitisha mpira kooni? Mgonjwa mwenzake mlimwekea ile maski mpya inayoingia mdomoni na kuishia juu ya koo, na anaongea vizuri!"

"Maski haizuii matapishi kuingia mapafuni. Mfupa ulikuwa nje, hatungengoja tumbo liwe tupu, na mdomo wake ulikuwa unanuka muthokoi. Angekufa, mama. Sauti itarudi."

Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kabla ya upasuaji? Nani alimpa?

Mama mkwe akainua bakuli tupu. "Mwanangu apasuliwe akiwa na njaa?"

Nikamnyang'anya bakuli hilo.

Tutawatembelea kabla mwezi haujaisha. Sisi wawili tu.