Baba wa Ubatizo wa Ukurasa wa Kwanza

Anayetaka kumcheka Eulalia Zazueta na acheke, lakini kwanza aanzishe gazeti la Kihispania hapa bonde la Yakima, Marekani, penye matufaha mengi kuliko watu, aone. Mwaka mzima alizunguka madukani akiuza matangazo. "Tangazo la nini, mwanangu?" mwoka mikate alimwambia. "Mji mzima unanijua."

Siku moja, kwenye sherehe ya binti kutimiza miaka kumi na mitano, akamwona mwoka mikate huyo huyo amevimba kifua, eti yeye ndiye baba wa ubatizo wa keki. Kwetu kila kitu cha sherehe kina msimamizi wake anayekilipia, ndiye baba au mama wa ubatizo: viatu, taji, mpaka kisu. Mtu atakunyima senti, lakini kukukatalia usimamizi hawezi, ni aibu. "Komadre," Eulalia akaninong'oneza, maana ndivyo tunavyoitana tuliobatiziana, na mwanamume ni kompadre, "nimepata!"

Basi gazeti lake, La Vecina, likabatizwa. Wino ukapata mama, chemshabongo ikapata baba. Ukurasa wa kwanza akauchukua Don Baltasar Urrea, mwenye kiwanja cha nyumba za matrela cha Los Sauces ninakoishi mimi. Ukurasa wa tanzia tu ndio uliokosa mtu, wakasema ni nuksi, Eulalia akauchukua mwenyewe.

Loo, kumbe tumejipalia makaa! Mama wa ubatizo wa ukurasa wa nyota, msusi Griselda, akaamuru wenye nyota ya Nge wasipate bahati hata wiki moja, kwa kuwa mtalaka wake ni Nge. Baba wa ukurasa wa michezo akakataza timu yake kufungwa. Ilifungwa mabao manne. Gazeti likaandika kwamba mvua ilinyesha.

Halafu maji ya kisima cha Los Sauces yakageuka rangi ya chai, tena chai ya rangi. Mama yangu, miaka themanini na mbili, akawa anajikuna mpaka damu. Tulipomweleza Don Baltasar akasema tumezoea anasa. Nikaenda kwa Eulalia nimefura.

"Andika!"

"Ukurasa wa kwanza ni wake, komadre. Akijitoa, gazeti limekufa. Tena ni kompadre wangu sasa. Mtu hagombani na kompadre."

"Kwa hiyo mama yangu aoge wino?"

Alhamisi gazeti likatoka. Ukurasa wa kwanza, Don Baltasar anatabasamu na mbwa wake. Ukurasa wa tanzia, ndani ya fremu nyeusi: "Maji ya Los Sauces yamefariki baada ya kuugua miezi mitatu bila kuonwa na daktari. Yameacha familia arobaini na mbili. Rozari itasaliwa siku tisa, trela namba kumi na saba."

Namba kumi na saba ni kwangu! Hata kuniuliza hakuniuliza.

Nilidhani watu watacheka tu. Wakaja na tamale za unga wa mahindi na mishumaa, Griselda akalia machozi ya kweli. Ndoo ya maji yale tukaiweka mezani katikati ya maua. Na matanga aliyoyatangaza komadre wako huyakimbii, labda uhame mji. Siku ya tatu Don Baltasar akaingia, kofia mkononi.

"Poleni sana," akasema kwa mazoea. Kisha akaiona ndoo. "Komadre, mchezo gani huu?"

"Si mchezo, kompadre, ni msiba," Eulalia akamjibu. "Keti."

Akaketi, angefanyaje, na nyumba nzima imemkazia macho? Nikamletea kile apewacho kila mgeni wa matanga, kikombe cha kahawa. Sisi wengine tulipikiwa kwa maji ya chupa.

Akanusa. "Imepikwa kwa maji gani hii?"

"Ya marehemu," nikasema.

Mama yangu alikuwa kwenye kiti mbele yake, mikono imejaa vidonda. Don Baltasar akaviona, akaweka kikombe mezani bila kuonja. Akatoa simu, akampigia fundi wa visima, akamwambia aje kesho asubuhi, bei yoyote. Nikapumua. Akainuka, akashika kofia yake.

"Kunywa kwanza, mwanangu," mama akamwambia, "itapoa."