Mate ya Mama na Misri ya Kaka Yangu

Mimi si mtu wa kutapika ovyo. Nimepima maziwa kwenye kituo cha ushirika karibu na Kaplong kwa miaka mingi, na katika mikebe ya wakulima nimekuta nzi, samadi, na siku moja panya mzima. Nilinusa, nikaonja, nikatema, kisha nikaita mkebe unaofuata. Lakini siku binti yangu alipomwekea mama yangu kichupa cha plastiki mdomoni na kumwambia ateme mate hadi yafike kwenye mstari, tumbo lilinigeuka. Nilienda kusimama mlangoni nikitazama majani chai.

Binti yangu ni nesi ng'ambo. Alikuwa amekuja likizo ya Desemba, na kichupa hicho kilikuwa zawadi, kipimo cha kujua asili ya ukoo kwa mate.

"Kuna kitu ndani ya mwili kinachotoka kwa mama peke yake," alimweleza nyanya yake. "Wewe ulipewa na mama yako, yeye akapewa na wake, hivyo hivyo mpaka zamani kabisa. Mtoto wa kiume anacho pia, lakini hawezi kumpa mtu. Kinaishia kwake."

Mama alikuwa anakaribia miaka themanini. Alitema povu kidogo, mdomo ukakauka, akajifuta kwa kitambaa cha kichwa. "Sisi tulikuwa tunatema mate kubariki mtu," alisema. "Sasa wewe unayafungia kwa chupa." Alijaribu tena. Ilichukua karibu nusu saa, chai ikapoa mezani, na mimi sikuweza kuinywa.

Majibu yalikuja kwenye simu yangu baada ya miezi mitatu. Nilienda kuyachapisha saiba, duka la intaneti pale mjini, kwa rangi, kwa sababu mama hasomi kwenye simu. Zilikuwa karatasi sita. Palikuwa na herufi L na tarakimu zake, na maelezo kwamba mama wa mama zetu aliishi upande huu wa mashariki ya Afrika makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, enzi za watu wa kuwinda na kuchimba mizizi. Palikuwa na picha ya kuchorwa ya mwanamke mwenye ngozi inayong'aa kama tangazo la mafuta ya kujipaka. Halafu ramani, na juu yake mishale. Mshale mmoja mwekundu ulipanda kaskazini, ukafuata Nile, ukavuka kwenda Asia. Mwingine, wa kijani, ulizunguka hapa hapa kwenye maziwa na misitu, ukateremka kusini, ukarudi. Wetu ulikuwa wa kijani. Wanawake wa mshale mwekundu walikuwa dada za wanawake wetu tu, waliohama na kwenda zao. Wetu hawakwenda mbali.

Kaka yangu mkubwa alikuja Jumapili baada ya kanisa. Yeye ni mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya kituo chetu cha kununulia majani, mtu anayependa kusimama watu wakiwa wameketi. Alizichukua zile karatasi, akalamba kidole, akafungua moja baada ya nyingine huku akiacha alama ya mate kwenye kila pembe. Alipofika kwenye ramani alipiga meza.

"Misri! Si wazee walisema tulitoka Misri? Ona mshale!"

"Huo si wetu," nikamwambia. "Wetu ni wa kijani. Na hata huo mwekundu haukutoka Misri, ulipita ukienda."

"Kupita na kutoka si ni barabara moja?"

Nilimwona anavyofurahi nikahisi kichefuchefu kilekile cha kichupa. Alizipiga picha karatasi zote, akazituma kwenye kikundi cha familia, akaandika kwamba sayansi imethibitisha. Wiki hiyo hiyo alitangaza kwamba sherehe ya kumshukuru Mungu kwa miaka themanini ya mama ingekuwa na fulana, na kwenye fulana kungekuwa na mshale.

Huenda ningemwacha na Misri yake. Lakini nilikuwa nimeanza kuandika majina nyuma ya karatasi ya mwisho, nikitoka chini kwenda juu: binti yangu, mimi, mama, mama yake, nyanya yake. Hapo nikakwama. Nilimuuliza mama, "Na mama ya nyanya yako alikuwa nani? Wa ukoo gani?" Mama, ambaye anaweza kutaja ng'ombe waliolipwa mahari na watu waliokufa kabla hajazaliwa, alirekebisha kitambaa chake cha kichwa. Halafu akasema, "Uliza dada yangu." Ilinishangaza. Karatasi ilijua mambo ya maelfu ya miaka, na sisi tulikuwa tumeshindwa na mtu wa sita.

Mama mkubwa anaishi Roret, juu ya soko. Nilimpelekea sukari na majani, tukaketi jikoni kwake. Hakuzunguka.

"Kogo hakuwa na mama hapa," alisema. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na alimaanisha nyanya yao yeye na mama. "Aliletwa. Ilikuwa njaa upande wa Kisii. Baba yake alivuka naye, akapewa kikapu cha wimbi, akamwacha. Alikuwa hivi." Aliinua mkono hadi kimo cha meza. "Wakamnyoa, wakampa jina, wakamwambia hiyo lugha yake asiiseme tena. Akiisema alikuwa anachapwa mdomoni na kijiti cha kukorogea."

"Nani alikuwa anamchapa?"

"Waliomlea. Watu wetu." Alimimina chai. "Walimpenda pia. Usifikiri hawakumpenda."

Sijui kwa nini maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonichukiza zaidi. Nilikuwa nimekuja na kalamu na daftari kama mtu anayetafuta kitu kizuri cha kumtumia binti yake, na nilikuwa nimeandika "kikapu cha wimbi" kwa mwandiko safi na kupigia mstari chini yake. Nilifunga daftari.

Mama mkubwa akaendelea kunieleza kifo cha kogo, ingawa hicho nilikijua. Familia yote inakijua. Tangu utotoni nimekisikia kikitolewa ushuhuda kanisani: kwamba kogo, katika siku zake za mwisho, aliacha kusema na watu, akawa anamwita Baba wa mbinguni peke yake. Baba, Baba, usiku na mchana, mpaka akakata roho. Wachungaji watatu tofauti wamekihubiri.

"Alikuwa anasema na maneno mengine," mama mkubwa alisema. "Hatukuyaelewa. Waliokuwa wanaomba walisema ni roho chafu inapigana na yeye, wakamshika mikono na miguu, wakaikemea kwa nguvu. Lakini hiyo Baba tulielewa."

Kuna mama wa Kisii anayenisaidia kuchuma chai. Amekaa hapa kwetu miaka mingi, watoto wake wanasema Kikipsigis vizuri kuliko wangu. Siku iliyofuata tulikuwa kwenye mistari pamoja, vikapu mgongoni, nikamsimulia yote. Sikuwa natafuta chochote, nilitaka tu kuyatoa tumboni. Nilipofika kwenye Baba, Baba, akaacha kuchuma.

"Dada," akasema, "si wewe unajua kwetu baba ni nani?"

"Ni nani?"

"Kwetu baba ni mama. Baba yako unamwita tata. Mama ndiye baba." Akanitazama. "Huyo mzee alikuwa anaita mama yake."

Nilitua kikapu chini. Nilifikiria mwanamke wa zaidi ya miaka sitini amelala kwenye ngozi, amerudi kuwa mtoto wa kimo cha meza, anamwita mama yake kwa lugha aliyochapwa kwa ajili yake, na watu wazima wanne wamemkalia miguu wakikemea. Kisha wakaenda kanisani kujisifu. Nilitapika pale pale kati ya mistari, chai ya asubuhi yote, na yule mama akanishika kiuno na kunikalisha chini.

Jioni nilimwambia mama. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano kogo alipokufa. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mimi ndiye niliambiwa nimshike mguu wa kushoto."

Kaka yangu nilimfuata nyumbani kwake. Alisikiliza akiwa amesimama, nyuma yake maboksi ya fulana.

"Kwa hivyo unataka watu waseme sisi ni Kosobek?" Hilo ndilo jina tunalowaita Wakisii, na alilitamka kama mtu anayetoa unywele kwenye chakula.

"Nataka tuache kusema uongo juu ya kogo."

"Kogo alikuwa anaita Mungu. Hiyo maneno yako usilete kwa sherehe yangu."

"Ni sherehe ya mama. Na hiyo damu ya kwenye karatasi unayotembea nayo ilitoka kwa huyo mtoto wa wimbi. Hakuna njia nyingine imepitia. Karatasi yenyewe haijui Mkipsigis wala Mkisii, wakati huo hapakuwa na hata mmoja."

"Ilitoka Misri," akasema, na akanifungulia mlango.

Misri ilikuwa mbali vya kutosha kumpendeza. Kisii, ambako tukisimama kwenye kilima siku isiyo na ukungu tunaona mabati ya nyumba zao yaking'aa, ilimtia kinyaa.

Siku ya sherehe alimtuma mtu na gari kumchukua mama mkubwa kutoka Roret. Nilimwona akishuka amevaa fulana juu ya gauni lake, mshale mwekundu ukimpita kifuani. Baada ya maombi kaka yangu alimpa maikrofoni atoe ushuhuda wa kogo. Aliutoa wote kama unavyotolewa siku zote, Baba wa mbinguni mwanzo hadi mwisho, na watu wakaitikia amina. Hakunitazama hata mara moja. Mkononi alikuwa ameshika blanketi jipya alilonunuliwa na kaka yangu, bado liko kwenye nailoni yake.

Ningeweza kusimama. Nilikuwa mstari wa pili, sauti ninayo, na maikrofoni ilikuwa hatua tano kutoka kwangu. Nilibaki nimeketi kwa sababu mchungaji alikuwapo, majirani walikuwapo, na kwa sababu niliogopa kuonekana mwenye wazimu. Baadaye nilipanga foleni nikapewa nyama ya ng'ombe wake, nikaila, na ilikuwa tamu. Wakati wa picha ya familia mtu alinirushia fulana nikaivaa. Picha ninayo. Nimetabasamu.

Mama hayuko kwenye picha hiyo. Ushuhuda ulipoanza tu aliinuka, akashika fimbo yake, akatembea polepole mbele ya watu wote mpaka jikoni. Kaka yangu alicheka akawaambia wageni kwamba mama ameenda kuhakikisha wameshiba. Walipomtafuta wapige picha alikataa kutoka. Nilipomfuata nilimkuta ameketi kwenye kigoda karibu na beseni, mikono yake iko ndani ya maji, anasuuza vikombe na yule mama ninayechuma naye, aliyekuja kusaidia kupika.

"Nyanya mnamwita nani?" mama alikuwa anamuuliza.

"Magokoro."

Mama alilijaribu, likamshinda hapo katikati kwa sababu ulimi wetu haujazoea ile g yao ya kooni. Alilirudia. Yule mama alimrekebisha bila kucheka, akampa kikombe kingine.

Nilivua fulana nikaitupa chini ya meza, nikakunja mikono ya gauni nikaketi nao. Mama alinitazama mara moja, akarudisha macho kwenye beseni.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nimekula."

"Basi suuza hizi," akasema, akanisogezea sahani zilizokuwa na mafuta.