Koti la Mabega

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, anashona tangu miguu yake ilipofika kwenye pedali. Hana haraka, ila akiweka mshono umewekwa. Aliacha kibarua cha kushona mashuka ya hospitali kwa sababu mwenye karakana moja ya suti alimpa ahadi tamu: majaribio ya miezi sita, kisha kuthibitishwa. Bwana huyo tulimwita Mabega, kwa jinsi alivyotembea kifua mbele kana kwamba barabara ameijenga yeye.

Tabia yake mtaa mzima uliijua. Akipata fundi, anamkamua hadi majaribio yakaribie kwisha, halafu anamwonyesha mlango na kuleta mwingine. Fundi aliyethibitishwa ana likizo, na akiugua ana haki ya kulala kitandani. Mabega hataki mambo hayo. Karakana imejaa vyerehani, roho yenyewe ndogo kama tundu la kifungo.

Zamu ya wifi ilipofika, alimwambia mbele ya wenzake, "Mama, kazi imepungua. Kesho usije."

"Kosa langu nini?"

"Uko kwenye majaribio. Sihitaji sababu."

Mafundi wote wakainamia sindano zao. Waoga wakubwa! Kila mmoja alijua kesho ni yeye.

Lililomkata maini wifi lilikuja baadaye. Alipozunguka kutafuta kazi, akakuta Mabega amekwisha kupita karakana zote akisema kwamba hajui kushona, kwamba makoti yake yanapinda mabegani. Hakuna aliyemfungulia mlango. Kaka yangu akamsihi aachane naye, arudi kwenye mashuka. Wifi akakataa katakata.

"Kazi aninyime," alisema. "Jina langu asiliguse."

Tukaenda ofisi ya kazi, mimi na yeye. Afisa, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alimsikiliza, akamwita Mabega. Siku ya kuitwa akaja kwa mbwembwe, ndani ya koti la kijivu. Nilipoliona nikamfinya wifi. Alilishona yeye! Bega moja la bwana yule limeshuka. Si ajabu, mabega ya wengi hayalingani, lakini yeye aliona aibu, akamwapisha wifi asimwambie mtu, naye wifi akamtilia pedi nene upande mmoja. Mimi nilijua kwa sababu pedi hiyo aliijazia kwenye meza yangu.

"Majaribio si ruhusa ya kumtupa mtu," afisa akasema. "Aliye kwenye majaribio naye huambiwa kosa lake, na husikilizwa. Huyu kakosa nini?"

"Mheshimiwa, hajui kushona. Makoti yake yanapinda mabegani."

Akasema hivyo bila kupepesa macho, kazi ya mikono ya mwenzake ikiwa mwilini mwake. Nilitamani kumzaba kofi. Wifi hakupandisha hata sauti.

"Koti alilovaa nimelishona mimi, mheshimiwa. Alivue, ulitazame."

Afisa akanyoosha mkono. Feni ilikuwa mbovu na jasho lilimtiririka Mabega hadi kolani, lakini alilishika koti lake kwa mikono miwili.

"Hapana, hapana! Silivui. Limenikaa vizuri tu."

"Limekukaa vizuri?" afisa akauliza, akachukua kalamu yake.

Mabega alitia saini akiwa bado amelivaa, kwamba fundi huyu anaijua kazi yake na kwamba aliondolewa bila kusikilizwa. Afisa akasema anaweza kurudi karakana. Wifi akasema asante, hapana. Sasa cherehani chake kipo barazani kwangu, na wateja wanakuja.

Juzi alikuja fundi mmoja wa karakana ile, katika wale wale walioinamia sindano. Alileta kitambaa kizuri cha bosi wake. Mabega anataka koti jingine, na kule hakuna anayelipatia lile bega. Wifi alikipapasa kitambaa, akakikunja, akamrudishia.

"Mwambie nimempokea kwa majaribio. Akimaliza miezi sita bila kumchafulia mtu jina, aje nimpime."